Saba Iliyokatika Mguu

Lori lilisimama hatua mbili tu kutoka mlango wa nyuma wa gari, upande ule aliokaa binti wa miaka tisa, begi la shule mapajani. Hakuna aliyepiga kelele. Baadaye dereva wa lori aliwaambia watu kwamba kilichomtisha zaidi ni ule ukimya: watoto watano wakimtazama kupitia kioo kama picha ya ukutani, na mbele yao mwanamume ameshika usukani kwa mikono miwili, hageuki wala hapepesi macho.

Mwanamume huyo alikuwa baba wa yule binti. Mtaani walimwita Dereva. Asubuhi alipeleka watoto wa majirani shuleni pamoja na wake, mchana akafanya teksi. Siku hiyo alikuwa amepanda kilima kirefu kinachotangulia njia panda, gari limejaa, akasikia kitu kikigonga ndani ya injini, kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko. Alipofika juu aliona barabara kuu iko wazi, akaingia kuikata. Katikati ya barabara injini ilitoa mlio mmoja mzito, ikakaza. Gari likakwama palepale, moshi wa bluu ukifuka nyuma, na lori likitelemka kuwajia.

Wapita njia walisaidia kusukuma gari hadi kando. Watoto waliteremshwa mmoja mmoja, wakaketishwa kwenye ukingo wa barabara wakiwa wazima, bila hata mchubuko. Dereva wa lori alimwuliza Dereva kama ameumia. Dereva alijibu kwamba plagi ni mpya. Akaulizwa tena kama yu mzima. Akajibu vilevile, kwa sauti ileile ya chini, kwamba plagi ni mpya, zimefungwa juzi.

Hakuwa amerukwa na akili. Plagi zile, zinazotoa cheche ndani ya injini, zilichaguliwa na mkewe, na katika mji mzima hapakuwa na mtu aliyejua kuchagua plagi kuliko yeye.

*

Mkewe aliuza katika duka la spea karibu na stendi. Mafundi walimbatiza jina la Mama Plagi, na jina likamganda hata majirani wakasahau lile la kwanza. Alikuwa na tabia ambayo tajiri wake, mwenye duka, hakuipenda: kumkatalia mteja. Mtu akija na haraka zake, akisema nipe plagi nne za bei yoyote, yeye alimwuliza injini gani, kisha akamwomba alete zile za zamani. Alizishika mbili sambamba na kulinganisha urefu wa meno ya skrubu. Ikiwa ndefu kuliko inavyotakiwa, alieleza, pistoni itapanda na kuigonga. Ikiwa fupi, cheche itawakia shimoni na gari litakohoa mpaka likuchoshe. Alipima nafasi kati ya ncha mbili. Mwisho kabisa alisoma namba iliyogongwa kwenye chuma.

Namba hiyo ndiyo aliyoiamini kuliko kitu chochote dukani. Kwa plagi alizouza, tarakimu ya mwisho ilisema habari za joto. Yenye tano ilibaki na moto kwenye ncha, ikafaa injini za kazi nyepesi. Yenye saba ilipoa upesi, na injini ya mumewe, ya kubeba watu na kupanda vilima, ilitaka saba. Plagi alizompa mumewe Jumatatu ile alizikagua zote nne mbele ya dirisha, kama mtu anayechambua mchele. Meno sawa, nafasi sawa, saba, saba, saba, saba.

Siku ya pili baada ya ajali, mama mmoja aliingia dukani akiwa hana begi wala pochi. Alikuwa mama wa mapacha, wawili kati ya wale watoto watano. Dukani mlikuwa na wateja wanne. Mama wa mapacha hakupandisha sauti. Alisema amekwenda kwa Dereva mara mbili, na Dereva hamjibu chochote ila kwamba plagi ni mpya, ndiyo maana amekuja kwake.

"Nilikuwa nakusifia," alimwambia Mama Plagi. "Watu wakiniuliza kwa nini watoto wangu wanapanda gari kuukuu, nawaambia mke wa mwenye gari anajua spea. Sasa nakuuliza kitu kimoja. Ulimpa mumeo plagi gani?"

Mama Plagi alimtajia namba yote, mwanzo hadi mwisho. Ndiyo namba sahihi, na ilitoka kinywani mwake kama uongo. Mama wa mapacha alitikisa kichwa, akasema watoto wake tangu jana hawataki kupanda gari lolote, wanatembea. Akatoka.

Mteja mmoja, fundi kijana aliyekuwa ameshaomba plagi nne, aliirudisha boksi juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto aliyelala kitandani. Alisema atapita baadaye. Wengine watatu wakakumbuka shughuli zao. Tajiri alitokea chumba cha nyuma, akaangalia kaunta tupu, akamshauri Mama Plagi aende nyumbani mapema. Uso ule, alisema, hauuzi.

*

Jumamosi asubuhi fundi wao aliwaita gereji. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye upara uliong'aa kwa oili, na kwa miaka sita alikuwa akiwatuma wateja wake kwa Mama Plagi. Injini ilikuwa imefunguliwa. Pistoni ya tatu ilikuwa juu ya gazeti, na katikati yake palikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba. Kingo za tundu zilikuwa zimeyeyuka na kuganda tena.

Dereva alichuchumaa, akaingiza kidole kwenye lile tundu, akakitoa. Tangu siku ya ajali alikuwa mtu wa kugusagusa vitu, milango, meza, kichwa cha binti yake, kama anahakikisha vipo.

Fundi aliwaeleza kwamba injini haikufa kwa uzee. Ilichomwa. Plagi ilibaki na moto hata pale isipotakiwa kuwa na moto, mafuta yakawaka kabla ya wakati, pistoni ikapigwa kutoka juu ilhali bado inapanda, mpaka ikatoboka. Jambo hilo hutokea mtu akifunga plagi ya moto mahali pa plagi ya baridi. Kisha akamgeukia Mama Plagi na kumwuliza, kwa adabu ya mtu anayeogopa jibu, kama hakukosea boksi.

Mama Plagi aliichukua plagi yenyewe na kuisoma. Ilikuwa saba.

Walitazamana. Fundi aliipaka petroli, akaisugua kwa kitambaa, akaitazama kwa kamera ya simu, akaikuza picha mpaka chuma kikajaa kioo chote. Hapo wakaona. Ile saba ilikaa ndani ya kibonde kidogo, chuma kilikuwa kimekwanguliwa pale kabla ya kugongwa upya. Kando yake lilibaki tumbo la tarakimu nyingine, duara nusu, hafifu kama alama ya kucha. Ilikuwa tano. Walizitazama na zile tatu. Zote zilikuwa hivyohivyo, na saba zote nne zilikuwa na kilema kimoja: mguu ulikatika kabla ya kufika chini.

Mama Plagi alihesabu kimoyomoyo. Boksi za aina ile ziliingia dukani wiki sita zilizopita. Hakuhitaji daftari, wateja wake aliwakumbuka kwa magari yao. Gari la mwalimu. Gari la muuza barafu. Gari la nesi mkunga. Yalifika kumi na moja, na kila mwenye gari yeye ndiye aliyemshikia plagi dirishani na kumwambia soma mwenyewe, usiniamini mimi, amini namba.

Fundi alifuta mikono yake kwa muda mrefu. Hatimaye alisema, "Mimi ndiye nilikuwa nawatuma kwako."

*

Walipofika nyumbani, Dereva alikwenda kulala, mchana kweupe, na viatu miguuni. Mama Plagi alibandika maji ya chai. Gesi ikakata. Alipiga magoti jikoni kuuvuta mtungi kutoka chini ya meza, akaugeuza ili afungue mpira, macho yake yakaangukia namba iliyogongwa kwenye mkono wa mtungi.

Ilikuwa ishirini na saba, namba ya nyumba yao. Baba mkwe wake aliigonga mwenyewe mwaka uliopita, ili muuza gesi asiwabadilishie mtungi mzuri kwa mbovu. Mbili ilikuwa nzima. Saba ilikuwa na mguu uliokatika kabla ya kufika chini.

Alitoa kwenye pochi moja ya zile plagi za gereji akaiweka kando ya ile namba. Kisha akabaki pale sakafuni. Binti yake aliingia, akauliza mbona amekaa chini. Akamwambia aende akacheze kwa jirani. Mtoto alisimama mlangoni kidogo, akamwangalia mama yake anavyoushikilia mtungi kwa mikono miwili, ndipo akaenda.

Baba mkwe, ambaye nyumba nzima ilimwita Mzee, alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katika karakana ya reli, akigonga namba kwenye vipuri. Alipostaafu aliondoka na mihuri yake ya chuma, sifuri mpaka tisa, imeviringishwa ndani ya kipande cha ngozi. Mihuri hiyo ilikaa chini ya kitanda, na Mzee naye alikaa juu ya kitanda, siku baada ya siku, akiomba radhi kila alipoongezewa chai. Halafu miezi miwili iliyopita alipata kijikazi. Alikuwa anaondoka asubuhi kwenda kwenye banda nyuma ya kwa mziba pancha, anarudi saa kumi na moja. Hawakumwuliza ni kazi gani hasa. Alisema ni kazi ya mikono tu. Tangu hapo gesi ya nyumba ilikuwa juu yake, na mezani alikaa mgongo wima.

Jioni hiyo alirudi na mkate kwapani. Alimkuta mkwewe amekaa mezani peke yake, plagi mbele yake juu ya kitambaa. Kabla hajaulizwa lolote aliichukua, akaipima uzito kiganjani, akaigeuza kwenye mwanga, na uso wake wote ukafunguka.

"Umeipata wapi hii?" alisema. "Hii ni kazi yangu."

Mama Plagi alikuwa ameandaa maneno tangu mchana. Alimwomba Mzee akae.

Mzee hakukaa. Alionyesha kwa kidole jinsi namba ilivyokaa katikati, haikupinda, na akasema kuna watu nusu ya umri wake hawawezi kugonga chuma kigumu vile bila kuteleza. Ni kasoro ndogo tu ya ule muhuri wa saba, ulianguka zamani karakanani ukavunjika ncha. Akaeleza kwamba plagi hizo ni za chuo cha ufundi. Wanafunzi wanazifunga na kuzifungua kwa mazoezi, kwenye injini zisizowashwa. Kijana mmoja wa pikipiki humletea zimeshasafishwa na kukwanguliwa, yeye anagonga, anazipanga kwenye katoni, kijana anazifunga kwa kamba ya kijani na kuondoka nazo.

Mama Plagi aliijua kamba ya kijani. Kila Alhamisi yeye mwenyewe aliikata kwa mkasi, dukani, akaitupa kwenye ndoo.

"Baba," alisema, "hizi ndizo zilizokuwa kwenye gari."

"Gari gani?"

"Gari letu. Siku ile ya lori."

Mzee alitabasamu, kama mtu aliyesikia vibaya na anangoja arudiwe. Mlango wa chumba ulikuwa umefunguka na Dereva alikuwa amesimama pale, amesikia yote. Mzee aligeuka kumtazama mwanawe, akatazama kiti kitupu cha mjukuu wake pale mezani, na tabasamu lilibaki usoni mwake muda mrefu baada ya kukosa maana. Mkate ulianguka kutoka kwapani. Hakuna aliyeuokota.

Baadaye, walipokwisha kumketisha na kumpa maji asiyoyanywa, Dereva alimwuliza baba yake swali moja tu. Chuo cha mazoezi kina haja gani ya kubadilisha tano kuwa saba?

Mzee alifikiri. Angeweza kudanganya na wangemwamini, kwa kuwa walitaka kumwamini.

"Nilimwuliza yule kijana mara moja," alisema. "Akaniambia karatasi za chuo zinataka saba. Sikumwuliza mara ya pili."

*

Jumatatu Mama Plagi aliingia chumba cha nyuma cha duka bila kubisha. Tajiri alikuwa anakunywa chai. Alipoziona plagi nne zilizoungua zikiwekwa mezani, hakushtuka, akasogeza kikombe tu zisimchafulie.

Mama Plagi alikuwa amejiandaa kwa ukali, kwa kukana, hata kwa kufukuzwa. Hakujiandaa kwa upole. Tajiri alimpa pole ya gari na pole ya mtoto. Alisema biashara ni ngumu, plagi halisi hazinunuliki, na hizi kwa injini nyingi hazina neno, ni bahati mbaya tu ya vilima. Alisema anayo injini kuukuu bohari, nzima, ya aina ileile ya gari la mumewe. Angeituma gereji siku hiyohiyo. Dereva angerudi barabarani kabla ya Ijumaa.

Mama Plagi aliuliza kama alijua ni nani aliyekuwa anagonga namba.

Tajiri aliinua macho, akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Si wewe uliyenisimulia? Ulikaa hapo hapo ukasema mzee wako alikuwa fundi wa mihuri, sasa amekaa bure, anakonda kwa aibu. Nikasema basi nimsaidie."

Mama Plagi aliikumbuka siku ile. Alikumbuka hata kwamba tajiri alimsikiliza kwa makini, na yeye akaenda nyumbani akimsifu kwa mumewe kwamba ana moyo.

Tajiri aliendelea kwa sauti ileile ya upole. Alisema watu wakianza kupiga kelele, polisi watataka kujua mambo mawili: nani aligonga, na nani aliuza. Yeye hajagonga wala hajauza. Kwenye kaunta alikuwa mtu mwingine. Akamwambia anywe maji, apumzike siku mbili, injini itafika.

*

Injini ilifika kweli. Jioni ile fundi alipiga simu kuuliza aifunge au asiifunge.

Dereva alitaka ifungwe. Alikuwa amepata sauti yake tena, na aliitumia yote. Alisema wataishi kwa nini. Alisema watoto wa watu hawatapanda tena gari lake, lakini abiria wa stendi hawaulizi habari za jana. Alisema baba yake ana miaka sabini na moja, na je, mkewe anataka kumwona mahabusu akilala kwenye saruji? Mama Plagi alimwambia tu kwamba yako magari kumi na moja yanayotembea na moto ndani, na katika kila moja kuna mtu aliyeambiwa na yeye aiamini namba.

"Ikifungwa ile injini," alisema, "kesho nikisikia gari limekwama njia panda, nitakuwa nimelipwa."

Dereva alitoka akaenda kukaa nje kwenye ngazi. Mzee alikuwa chumba cha mbele na alisikia kila neno, kuta zao hazikuwa za kuficha kitu. Hakutokea kula.

Asubuhi walimkuta mlangoni, amevaa ile suruali yake ya kazi ya zamani, amenyoa, mkononi ana spana ya plagi aliyoiazima kwa mziba pancha. Mihuri yake ilikuwa kwapani ndani ya ngozi.

"Tunaanza na nani?" alimwuliza mkwewe.

Fundi aliwapa plagi halisi kutoka akiba yake, zitakazolipwa zikilipwa. Ile injini aliirudisha kwa mkokoteni. Wakaanza na mwalimu, ambaye aliwasikiliza mpaka mwisho kisha akawashukuru kwa ubaridi ulioumiza kuliko tusi. Muuza barafu alicheka, akadhani ni mbinu mpya ya kuuza plagi, ikabidi Mzee aikwangue moja mbele yake. Mwanamke mmoja aliwafungia geti, wakamngoja juani saa nzima hadi mumewe alipokuja. Gari moja lilikuwa limeshaungua. Mwenyewe alikuwa amelipa fundi mwingine, amekopa, amegombana na ndugu yake ambaye yeye alikuwa amemwazimisha gari hilo, akamwona ndiye mharibifu. Huyo alimshika Mzee ukosi wa shati. Mzee hakuutoa mkono wa yule mtu. Mama Plagi ndiye aliyeutoa, kidole kimoja kimoja.

Kila mahali palikuwa na swali lilelile, huyu mzee ni nani, na kila mahali Mama Plagi aliharakisha kujibu kwamba ni baba mkwe wake, amekuja kumsaidia.

Siku ya tatu walikwenda polisi, Mzee akiwa mbele. Aliweka mihuri mezani na kueleza kila kitu kwa mpangilio, kama alivyozoea kutoa taarifa karakanani. Askari walipofika dukani rafu za plagi zilikuwa tupu, zimefutwa safi. Kijana wa pikipiki hakuonekana tena mjini. Tajiri aliitwa, akaandika maelezo, akarudi kwake kabla ya machweo. Mzee aliambiwa aripoti kituoni kila Jumatatu mpaka atakapoitwa. Mama Plagi aliokota vitu vyake dukani, kikombe na kipimo cha plagi, huku kijana mpya akiwa tayari amesimama nyuma ya kaunta. Dereva alipata kazi ya kuendesha gari la mtu mwingine, kwa mshahara wa mtu mwingine. Asubuhi alimpeleka binti yake shuleni kwa miguu, pamoja na mapacha, na walipofika njia panda alisimama nao mpaka barabara ikawa tupu pande zote, na bado akangoja.

*

Lilibaki gari moja, la nesi mkunga. Alikuwa amepelekwa zahanati ya mbali kwa wiki mbili, na simu yake haikupatikana. Mama Plagi alipita kwake kila siku. Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tisa mchana, aliliona gari likikunja kona kuelekea getini, akarudi mbio kumwita Mzee.

Nesi mkunga alikuwa bado na sare, anapakia upya sanduku lake. Alisema hana muda, ameitwa tena, kuna mama ana uchungu kule juu na gari la wagonjwa halipo. Mama Plagi alimwomba dakika kumi. Akaeleza haraka, kwa mara ya kumi na moja, na safari hii maneno yalitoka yamechakaa.

Nesi aliweka sanduku chini.

"Jana nimempakia mzazi humu," alisema polepole. "Juzi pia. Kile kilima nimekipanda mara nne wiki hii. Injini ilikuwa inagonga, nikaongeza redio." Aliegemea mlango wa gari. Kisha akamtazama Mzee, aliyesimama nyuma na spana yake. "Na huyu ni nani?"

Mama Plagi alifungua kinywa. Mzee alimwahi.

"Mimi ndiye niliyezigonga hizo namba," alisema. "Nilikuwa na muda wa kuuliza. Sikuuliza."

Nesi alikuwa mtu aliyezoea kupokea habari mbaya na kuendelea na kazi, lakini mikono yake ilikuwa imeshikana mbele ya sare na haikuachana. Hatimaye aliingiza mkono ndani ya gari, akavuta kishikio, boneti ikaruka.

Injini ilikuwa ya moto, imetoka safarini. Mzee aliinama juu yake. Alizichomoa plagi moja baada ya nyingine, akafunga mpya, akazikaza kwanza kwa mkono kisha kwa spana, taratibu, asiharibu meno. Hakukosea hata moja. Nesi alijaribu injini, ikaitika laini. Akapandisha sanduku. Alipokuwa anatoka getini alisimamisha gari, akashusha kioo kama anayetaka kusema kitu, akawatazama wote wawili, akapandisha kioo, akaenda.

Vumbi lilipotulia Mama Plagi aliona kwamba baba mkwe wake amesimama palepale, ngumi zimefumbwa. Plagi nne za zamani zilikuwa ndani ya ngumi hizo, mbilimbili, bila kitambaa.

"Baba," alisema, "zinaunguza hizo. Ziweke chini."

"Najua," Mzee alisema, na hakuziweka.